Rameswaram na Kedarnath: hija mbili za Wahindu ambako mshindi wa vita ndiye anayekwenda kuomba toba

Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Mada za mahekalu ya Kihindu zikiletwa humu huwa zinaishia kwenye picha za dhahabu, msongamano wa watu, na lile swali la kwa nini watu wanaabudu mawe. Mimi si Mhindu, na siandiki ili kumtoa mtu kwenye dini yake. Nilisoma Tamil Nadu, kusini mwa India, nikaishi nyumba moja na familia ya Kihindu na kusafiri nao. Kuna jambo kwenye hija zao mbili kubwa ambalo naliona ndilo kiini chake, na sijaona likijadiliwa kwa Kiswahili.

Chukua ramani ya India. Kaskazini, ndani ya Himalaya, jimbo la Uttarakhand, kuna Kedarnath, mita 3,583 kutoka usawa wa bahari. Kusini mashariki, kwenye kisiwa cha Pamban kinachotazamana na Sri Lanka, kuna Rameswaram. Mahekalu yote mawili ni ya Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, na yote yamo katika jyotirlinga 12, yaani sehemu ambazo Wahindu wanaamini Shiva alijidhihirisha kama nguzo ya nuru isiyo na mwanzo wala mwisho. Hadithi zake zinatoka kwenye masimulizi mawili tofauti, lile la Rama na lile la ndugu watano wa Pandava. Swali lake ni moja. Mtu aliyepigana vita ya haki na akashinda, damu aliyoimwaga aifanyeje?

Tuanze na Rameswaram. Ravana, mfalme wa Lanka, alimteka Sita, mke wa Rama. Rama akavuka bahari na jeshi la nyani, akamuua Ravana, akamrudisha mkewe. Hakuna Mhindu anayebisha kwamba Rama alikuwa na haki. Lakini Ravana huyo huyo alikuwa wa ukoo wa Kibrahmin, tabaka la makuhani, kwa upande wa baba, msomi wa Veda, maandiko matakatifu, tena mcha Shiva wa kupigiwa mfano. Mapokeo ya Rameswaram yanasema Rama alipotua tena pwani ya India hakuanza na sherehe. Alitaka kwanza kutubu damu ile. Akamtuma Hanuman, shujaa wa lile jeshi la nyani, mpaka Mlima Kailash, makao ya Shiva, akalete linga, lile jiwe linalomwakilisha Shiva. Saa ya ibada ikawa inapita na Hanuman haonekani, basi Sita akafinyanga linga kwa mchanga wa ufukweni, ibada ikafanyika. Hanuman akaja na jiwe lake akakuta mambo yamekwisha, akaumia sana. Rama akaamuru jiwe la Hanuman ndilo liwe linaabudiwa kwanza, na mpaka leo utaratibu ni huo. Napenda sana kipande hiki. Kwenye toba yake mwenyewe, Rama bado alikuwa na nafasi ya kumwona aliyechelewa na kumtunzia heshima.

Nilikwenda huko na rafiki yangu niliyesoma naye, pamoja na mama yake, ambaye nami nilimwita Amma. Baba wa rafiki yangu alikuwa amefariki, na Rameswaram ni moja ya sehemu kuu za kuwafanyia marehemu ibada. Inaanzia baharini, panapoitwa Agni Theertham, mbele ya mnara wa mashariki wa hekalu. Rafiki yangu alikaa mchangani kifua wazi mbele ya kuhani, na kati yao jani la mgomba lenye matonge ya wali yaliyochanganywa na ufuta mweusi. Kuhani anatamka, yeye anafuatisha. Akataja jina la baba yake, la babu yake, na la baba wa babu yake. Kisha matonge yakaachwa baharini, naye akaingia majini na kuzama mpaka kichwa. Wengine wengi walikuwa wakifanya hivyo hivyo pande zote, kila mmoja na majina yake.

Baada ya bahari wanaingia hekaluni wakiwa wamelowa, kwenye visima 22. Juu ya ukingo wa kila kisima kuna mwanamume mwenye ndoo ndogo na kamba. Anaitumbukiza, anaivuta, anakumwagia kichwani, unakimbilia kinachofuata. Bahari iko pale pale, lakini maji ya visima hayana chumvi ile ya kuchoma koo. Sakafu nzima ni maji, wazee wameshikwa mikono, watoto wanapiga kelele kwa baridi, harufu ya kafuri na nguo mbichi imejaa kwenye zile korido ndefu zenye nguzo zaidi ya 1,200. Ukimaliza, lazima ubadilishe nguo, maana huruhusiwi kwenda mbele ya linga umelowa. Asiye Mhindu haingii chumba kile cha ndani, kwa hiyo nilibaki koridoni na mabegi yao.

Jioni nilimuuliza Amma kama kweli anaamini maji yanaondoa dhambi. Hakunijibu kwa mafundisho. Alisema tangu msiba amekuwa hasemi na shemeji yake kwa ajili ya kiwanja, na akiwa katikati ya visima aliona aibu. Usiku ule, tukiwa bado nyumba ya wageni, alimpigia simu. Sikuelewa Kitamil chote kilichosemwa, ila niliona alivyolia, na upande wa pili simu haikukatwa.

Sasa twende Kedarnath. Hadithi yake inatoka upande wa Mahabharata, lile simulizi la ndugu watano wa Pandava. Pandava walipigana na binamu zao kwa siku 18 pale Kurukshetra. Walikuwa wamedhulumiwa ufalme, wameaibishwa hadharani, walikuwa na haki zote. Walishinda, lakini kwa kuua ndugu, mwalimu wao Drona, na mzee wao Bhishma aliyewalea. Wakatoka kumtafuta Shiva awasamehe. Na Shiva akawakimbia! Alihama Kashi (Varanasi ya leo), akapanda milimani, akajigeuza fahali na kujichanganya kwenye kundi la ng'ombe. Bhima, mwenye nguvu kuliko wote, akamtambua, akamrukia. Fahali akazama ardhini, Bhima akabaki ameshika nundu. Nundu hiyo ndiyo jiwe la Kedarnath. Linga za mahekalu mengine nyingi ni laini na za mviringo, lakini hili ni mwamba usiochongwa, wenye pembe tatu. Viungo vingine vya fahali vinasemekana viliibuka sehemu nne za milima hiyo hiyo: mikono Tungnath, uso Rudranath, kitovu Madhyamaheshwar, nywele Kalpeshwar.

Fikirini hapo, wakuu. Watu wa haki wanakwenda kwa Mungu wao na ushindi mkononi, naye anageuka kuwakwepa. Hawapewi msamaha mpaka wameutafuta kwa miguu, wamepanda, wamechoka, na hata hapo wanapata kipande tu cha kushika. Sijui masimulizi mengi ya kidini yanayomnyima raha mshindi namna hiyo.

Njia ya leo kutoka Gaurikund ni kama kilomita 16 za kupanda. Nyumbu wanapita wanakusukuma ukutani, machela zinapita na watu wanne mabegani. Vijana wengi kutoka Nepal hubeba abiria kwenye tenga mgongoni, mkanda umepita kwenye paji la uso. Nilimpita mmoja amembeba bibi aliyekuwa anaomba kwa sauti ya chini, na yule kijana chini yake anahesabu hatua zake kwa pumzi. Ukifika juu pumzi yenyewe ni ya kubahatisha, na hekalu liko pale la mawe ya kijivu, theluji nyuma yake. Ndani mahujaji hulipaka lile jiwe samli kwa viganja, na wanapopata nafasi hulikumbatia kwa mikono miwili, kama Bhima alivyoling'ang'ania.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba ncha hizi mbili zimefungwa pamoja. Kwa desturi ya zamani, mtu anachukua mchanga wa Rameswaram, anasafiri nao zaidi ya kilomita 2,000 mpaka Prayag, unapokutana Mto Ganges na Yamuna, anauacha majini. Anachota maji ya Ganges, anafika Kashi, kisha anarudi kusini kumwagia linga la Rameswaram maji hayo. Hapo ndipo hija yake imetimia. Kuhani mkuu wa Kedarnath naye, wanayemwita Rawal, hatoki milimani. Kwa desturi anatoka Karnataka, kusini, katika jumuiya ya Veerashaiva, waabudu Shiva. Wa Badrinath, hekalu la Vishnu, mungu mwingine mkuu, kule kule Himalaya, ni Mnambudiri, yaani Mbrahmin kutoka Kerala, kusini.

Karibuni tujadili. Naomba heshima kwa imani za watu.

Mchangiaji wa 2

Mkuu, umeandika vizuri. Mimi ni Mkristo na nauliza kwa nia njema kabisa. Hiyo toba naielewa, hata sisi tunayo. Kinachonishinda ni jiwe. Mungu aliyeumba milima anakaaje kwenye jiwe lililopakwa samli?

Mchangiaji wa 3

Naomba nimjibu ndugu hapo juu. Mimi ni Mhindu, mzaliwa wa Tanga, wazee wangu walitoka Kutch, Gujarat, magharibi ya India.

Ndugu yangu, hakuna bibi yeyote wa kwetu aliyewahi kuniambia kwamba Mungu ameishia kwenye jiwe. Sanamu ikitoka kwa fundi ni kazi ya fundi. Inakuja ibada, pran pratishtha, ya kumwomba Mungu akubali kukaa pale ili sisi wenye macho ya nyama tupate pa kumtazama. Na anaweza kuagwa. Sikukuu ya Ganesh, mungu mwenye kichwa cha tembo, tunamweka nyumbani sanamu ya udongo, tunampikia, tunamwimbia, halafu mwisho tunamzamisha majini na udongo unayeyuka. Anayedhani udongo ndio Mungu asingeweza kufanya hivyo.

Tukienda hekaluni tunasema tunakwenda darshan. Unamtazama, naye anakutazama. Ndiyo maana utaona mtu kapanga foleni saa sita, kafika mbele, kasimama sekunde chache, katoka analia kwa furaha. Chumba cha ndani ni kidogo, hakina madirisha, na kuhani akiinua taa ya kafuri ndipo uso unaonekana. Zile sekunde zinatosha. Mtu hakwenda kuomba orodha ya mahitaji, alikwenda aonwe.

Mleta uzi ametaja Shiva, mimi niongeze kwetu. Wagujarati wengi wa Afrika Mashariki moyo wao uko Dwarka, kwa mungu Krishna, pale magharibi ya mwisho ya India, baharini. Juu ya mnara kuna bendera ya gaji 52 (kipimo cha kitambaa cha Kihindi) yenye jua na mwezi, na hubadilishwa mara kadhaa kila siku. Kila bendera ni nadhiri ya familia fulani, wamengoja zamu yao. Ipandapo, familia nzima iko chini inatazama juu. Majahazi yaliyokuja Zanzibar na kaskazi yalikuwa yanatoka pwani hizo hizo, Mandvi na jirani zake. Kwenye kabati la ibada nyumbani kwetu Tanga kulikuwa na picha ya Dwarkadhish, yaani Krishna wa Dwarka, iliyofifia kwa moshi wa ubani, na bibi alikuwa anaiaga kabla hajaenda hata sokoni.

Dwarka magharibi, Puri mashariki, Rameswaram kusini, Badrinath kaskazini: hizo nne ndizo Char Dham, makao manne ya hija. Mapokeo yanampa Shankara, mwanafalsafa wa Kerala wa karne ya 8, heshima ya kuziunganisha. Alizunguka India nzima kwa miguu, akafariki kijana wa miaka 32, na wengi wanaamini alifia Kedarnath.

Mchangiaji wa 4

Yote mazuri, lakini tuseme na upande mwingine. Nimekaa Hyderabad na mgonjwa, tukapelekwa Tirumala, hekalu kubwa la Vishnu kule Andhra Pradesh. Kuna foleni ya bure ya watu wa kawaida na kuna tiketi ya rupia 300 ya kupunguza foleni, na wakubwa wana njia yao. Kedarnath siku hizi ni helikopta, unapanda asubuhi unarudi mchana. Hiyo toba ya kupanda mlima iko wapi tena?

Mleta uzi

Mkuu, hoja yako ni nzito na wenyewe wanaijadili kila msimu. Kwangu mzee asiyeweza kupanda akipanda helikopta sina neno, machela zilikuwepo kabla ya helikopta. Ila mtu mzima mwenye nguvu anayelipia kukwepa njia, hadithi ya Pandava inamhoji moja kwa moja, maana kilichowapatia msamaha ni kule kutafuta. Na mlima wenyewe una mipaka ya kubeba watu. Juni 2013 mvua zilikuwa kubwa mno, na asubuhi ya tarehe 17 ziwa dogo la Chorabari lililo juu ya hekalu likapasuka. Maji na mawe yakashuka Kedarnath. Kituo cha mahujaji cha Rambara kikafutika, ndiyo maana njia ya sasa inapita ng'ambo ya pili ya Mto Mandakini. Katika jimbo lote walikufa au kupotea watu zaidi ya 5,000. Hekalu lilibaki, kwa sababu mwamba mkubwa uliviringika ukasimama nyuma yake, ukagawa mkondo pande mbili. Leo mwamba huo unapewa heshima na unaitwa Bhim Shila. Wapo wanaouona kama muujiza tu. Mimi nikikumbuka nyumba za kulala wageni zilizokuwa zimebanana ukingoni mwa mto, naona pia onyo kwa wanaotaka kujenga tena vile vile.

Tirumala nako usisahau kitu kimoja. Wengi wanapanda ngazi za Alipiri, karibu 3,550, kwa miguu, na wanaume kwa wanawake wananyolewa nywele zote kutimiza nadhiri. Binti aliyefuga nywele tangu utotoni akikaa chini ya wembe, hapo tiketi haisaidii kitu. Na chakula cha bure wanakula wote, aliyepita foleni ndefu na aliyepita fupi.

Mchangiaji wa 5

Na suala la tabaka je? Nasikia kuna Wahindu wenyewe walikuwa hawaruhusiwi kuingia mahekalu yao.

Mchangiaji wa 3

Ni kweli, na ni doa letu. Sitalificha. Watu waliotengwa kwa kuzaliwa walizuiwa hata kukanyaga njia za karibu na mahekalu fulani. Travancore, dola ya kifalme kusini mwa India, ndiyo iliyotangaza mwaka 1936 kwamba mahekalu ya dola yafunguliwe kwa Wahindu wote, na hekalu kubwa la Meenakshi pale Madurai likafunguliwa 1939, baada ya watu kuhatarisha usalama wao. Katiba ya India ikapiga marufuku ubaguzi huo. Vijijini bado kesi zinasikika, na zikisikika mimi naona haya.

Puri ndiko utakuta mambo yote mawili kwa pamoja. Jagannath, mungu anayeabudiwa pale, ni sanamu ya mwarobaini, macho makubwa ya duara, mikono mifupi isiyo na viganja. Baada ya miaka kadhaa, kwa hesabu za kalenda, wanachonga mpya na ya zamani inazikwa, mara ya mwisho ilikuwa 2015. Asiye Mhindu haingii kabisa. Indira Gandhi mwenyewe, akiwa waziri mkuu wa India, alikataliwa mwaka 1984 kwa sababu mumewe alikuwa wa jamii ya Waparsi, ambao si Wahindu. Lakini chakula cha tabaruku cha pale, kinachopikwa kwa kuni kwenye vyungu vya udongo vilivyopandishwa kimoja juu ya kingine, kikishatolewa mbele ya Jagannath mtu yeyote anakula na yeyote, sinia moja, hakuna tabaka. Na mara moja kwa mwaka, kwenye Rath Yatra, Jagannath, kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra wanatoka nje kwa magari matatu ya mbao yanayovutwa kwa kamba. Waliozuiwa mlangoni wanamwona barabarani. Mfalme wa Puri anafagia jukwaa la gari kwa ufagio wa mpini wa dhahabu, kazi ya mfagizi, mbele ya umati wote. Halafu gari linasimama mbele ya kaburi la Salabega, mshairi wa karne ya 17 ambaye baba yake alikuwa Mwislamu na ambaye hakuruhusiwa kuingia hekaluni. Tungo zake za kumsifu Jagannath zinaimbwa Odisha mpaka leo.

Mchangiaji wa 2

Asante sana ndugu wa Tanga, hilo la kuonwa limenikaa. Jibu lako kuhusu udongo unaoyeyuka nimelielewa pia, ingawa imani yangu inabaki ilipo. Mleta uzi, mwanangu anasoma Chennai. Akitaka kufika huko kwa heshima bila kuwakera wenyeji, afanyeje?

Mleta uzi

Mzazi, Rameswaram apande treni ya usiku kutoka Chennai. Abebe nguo kavu kwenye mfuko wa kitambaa, suruali ndefu na mabega yafunikwe. Simu aiache nyumba ya wageni, maana mahekalu ya Tamil Nadu hayaruhusu simu ndani. Akiambiwa mwisho wake ni koridoni, akubali, korido zile peke yake zinatosha kumshughulisha nusu siku. Pale Agni Theertham asipige picha watu wanaofanyia marehemu wao ibada.

Kedarnath inafunguliwa mwishoni mwa Aprili au Mei na kufungwa muda mfupi baada ya Diwali. Ajiandikishe kwanza kwenye mfumo wa serikali ya jimbo, akwepe Julai na Agosti kwa sababu ya maporomoko, na alale njiani usiku mmoja ili mwili uzoee. Akipata likizo Desemba asihangaike kupanda, mlango umefungwa na theluji. Wakati huo sanamu ya maandamano huwa imeshashushwa kwa machela mpaka Ukhimath, na ibada za majira ya baridi zinafanyika huko, kwenye hekalu la Omkareshwar. Barabara ya gari inafika, watu ni wachache, na makuhani wana muda wa kuzungumza na mgeni.